Vyoo Viwili, au Siendi Ufaransa

Jumatatu, 2 Juni
Nimepepeta mchele tangu asubuhi, pua imejaa vumbi. Mwanangu Kabula kapiga simu kutoka Paris. Mimba ina miezi sita. Anataka niende nikamwogeshe mtoto, mjukuu wangu wa kwanza. Nimefurahi mpaka nikamwaga ungo. Kisha akanionyesha kwa kamera ya simu wanapokaa na mumewe Mfaransa. Chumba kimoja. Choo kimoja, mlango unatazama kitanda. Nikakaa chini.

Jumatano, 4 Juni
Sisi Wasukuma, mkwe wa kiume hata mkono simpi. Tukikutana njiani mmoja anaingia porini. Sasa tupokezane choo? Mfaransa wa watu hana baya, ila kila nikiongea na Kabula anajisogeza kwenye kamera na kunipungia. Najifunika kanga. Nimesema vyoo viwili au siendi. Kabula kasema Paris hivyo ni vya matajiri. Basi hameni. Kazi ya mkwe si ya kompyuta? Anaifanyia popote.

Jumapili, 8 Juni
Kabula kakubali kutafuta kwingine, miji imeanza kuletwa. Naiandika nyuma ya kalenda. Lyon: pazuri, mito miwili, kodi inauma, choo kimoja. Bordeaux: hewa safi, choo kimoja. Nantes: bustani kila kona, mvua haikatiki, choo kimoja. Watu wanajenga ghorofa sita halafu kwenye choo wanabana! Baba Kabula kang'ang'ania Marseille kwa sababu ya mpira. Nimemuuliza kama atakayezaa ni yeye. Kanuna mpaka ugali ukaiva.

Ijumaa, 13 Juni
Tumegombana. Kabula kasema huko mila hiyo haipo, nikifika nitazoea. Nikamwambia mila siiachi uwanja wa ndege kama mwavuli. Nikakata simu. Nikajuta hapohapo.
Bi Mwajuma wa duka la jirani kanicheka. Eti napima Ufaransa nzima kwa choo, wakati hapa Mpanda nilikaa miaka tisa na choo kimoja, wapangaji saba. Kweli. Lakini kati yao hakuna aliyekuwa mkwe.
Naogopa. Mjukuu ataogeshwa na mtu aliyevaa glavu.

Jumanne, 24 Juni
Limoges. Sijawahi kuisikia. Kaipata mkwe mwenyewe. Kodi ya kile chumba cha Paris, huko ni nyumba nzima. Ua wa kupanda mchicha. Hospitali ni kama kutoka sokoni mpaka stesheni. Mpira hakuna wa maana, Baba Kabula kahuzunika. Vyoo? Kabula kasema nisubiri Jumamosi wakaione.

Jumamosi, 28 Juni
Kabula alishika simu, mkwe akatangulia kufungua milango. Choo juu. Choo kingine chini, karibu na chumba changu. Leo hakunipungia. Kila alipofungua mlango aligeukia ukuta mpaka tupite.
"Mama, kaniuliza mwenyewe mkwe anatakiwa afanyeje," Kabula kasema. "Hataki ukose kuja."
Nimelia, na kanga ilikuwa mkononi, sikuhitaji kujifunika.
Jioni nimefuta miji mingine yote. Nimefunga mafungu mawili ya dagaa wa Ikola. Moja la mkwe. Kabula atampa.