Tofali Lenye Alama za Vidole Vyako

Mpendwa Baba Rehema,

Jana tumebomoa lile tanuri la uani. Usinikasirikie. Lilikuwa limechoka, na Rehema anataka kujenga chumba cha wajukuu mahali pale. Nilikaa kwenye kiti nikitazama matofali yakitolewa moja moja, meupe na mepesi kama mkate mkavu, nikaanza kucheka peke yangu. Rehema akauliza, "Mama, kuna nini?" Nikamwambia, "Namcheka baba yako."

Unakumbuka lilivyoanza? Mkate ulikuwa umepotea Kampala. Bekari nilimokuwa nafanya kazi ilifungwa wenyewe, Wahindi, walipofukuzwa nchini, na aliyepewa baada yao akauza mpaka mlango wa tanuri. Nikarudi nyumbani, hapa chini ya mlima wa Kibuli, na aproni yangu tu.

Ndipo ikaja barua ya mama yako kutoka Arua. Atakula Idi kwetu. Neno lenyewe "atakula" ndilo lililonitisha, maana tangu unioe, miaka mitatu, hakuwahi kuonja chakula changu. Alipokuja mara ya kwanza alibeba muhogo wake wa kuchemsha kwenye kikapu, akaula huku mimi nimesimama na sahani. Alisema hali chakula cha mkono uliokanda udongo, kwa kuwa mama yangu alikuwa mfinyanzi. Wewe ulilia ukidhani sikuoni. Nilikuona.

Ukakunja barua ukasema, "Mama Rehema, safari hii atakula. Yule mama anapenda mkate kuliko anavyopenda ugomvi."

"Mkate nitauoka wapi? Ndani ya tarumbeta yako?"

"Tutajenga tanuri."

Wewe, mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi, uliyekuwa hujawahi hata kuziba tundu la panya! Nikakwambia tofali la kawaida halivumilii moto wa tanuri, litapasuka. Tunataka matofali ya kuhimili moto, na hayo nilijua kuyatengeneza, kwa sababu udongo wake ni ule ule wa vyungu vya mama. Ukaleta udongo mweupe wa bondeni kwa baiskeli, ukarudi umepakaa mpaka kope. Nikatwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika, kwa maana kigae kilishapita motoni na humshika mwenzake asipasuke. Nikachanganya na unga wa mbao kutoka kwa seremala. Ule ukiungua huacha vitundu vidogo ndani ya tofali, na joto haliwezi kupenya.

Nikakupa na masharti ya mama yangu. Udongo ukauke kivulini, chini ya magunia, pole pole. Na usipigiwe mluzi wala kelele mpaka ukauke.

"Kwani una masikio?" ulicheka.

Nilipokwenda kupanga foleni ya sukari, uliyatoa matofali yote ukayapanga juu ya mabati, juani. Idi ilikuwa inakaribia na wewe ulizoea shaba, ambayo unaisugua asubuhi na mchana inang'aa. Kisha ukasimama chini yake ukafanyia mazoezi nyimbo za gwaride. Nilikusikia tangu njiani.

Kwa nje yalikauka vizuri. Ndani yalikuwa mabichi. Tulipoyawashia moto kwenye shimo, yakaanza kulipuka. Pa! Pa! Pa-pa! Na miaka ile, nani alingoja kuuliza sauti kama hiyo inatoka wapi? Mtaa mzima ulilala chini. Mimi na wewe tulilala pia, na tulijua ni matofali!

Sajini jirani yetu akaja akitambaa kando ya ukuta, amevaa fulana na kofia ya kazi.

"Nani anapiga risasi hapa?"

"Ni matofali, afande," ukajibu ukiwa bado chini.

"Matofali inapiga risasi?" Akachungulia shimoni, kipande kikaruka, akaanguka matako chini. "Banange! Hii matofali yako ni ya jeshi gani?"

Tulicheka mpaka tukashikana. Sikumbuki kama miaka ile watu wa mtaa wetu walicheka hivyo tena pamoja, kwa sauti, milango ikiwa wazi.

Ulikuwa mwungwana. Uliniomba radhi mimi, halafu ukainama ukauomba radhi udongo. Tukafinyanga upya. Safari hii matofali yalikaa kivulini, na wewe kila ukitoka kazini ulikaa karibu yake, tarumbeta imefungwa kabatini. Lakini vidole vyako havikujua kupumzika. Nikakuta tofali moja lina mashimo matatu yamepangana, pale ulipokuwa ukibonyeza wimbo juu ya udongo mbichi.

"Umeliharibu!"

"Sikutoa sauti hata moja. Muulize huyo udongo wako kama amesikia."

Nikalichoma hivyo hivyo. Hakuna lililopasuka.

Mama yako alifika na kikapu chake. Ndani nikauona muhogo ule ule. Akalizunguka tanuri, akagusa ukuta wake. Ulikuwa vuguvugu tu. Akachungulia ndani, kulikuwa kwekundu kwa makaa.

"Moto wote huu, mbona nje hautoki? Nani alifanya hii matofali?"

Ulifungua mdomo useme ni wewe, ili kunilinda. Nikakuwahi. "Ni mimi, mama. Kwa mikono yangu, kama mama yangu alivyonifundisha."

Akanitazama mikono muda mrefu. Mkate ulikuwa nusu ngano, nusu muhogo, umeinama upande mmoja. Akamega, akatafuna, akamega tena. Kisha akakisukuma kikapu kwangu kwa mguu.

"Muhogo huu mpeni yule sajini," akasema. "Na wewe, binti yangu, niletee chai."

Binti yangu! Ulitoka nje mbio, na mara tarumbeta ikasikika, si wimbo wa gwaride.

Miezi sita sasa tangu tukuzike. Watu huniuliza kama nyumba ina ukimya, nami nasema ndiyo, lakini si ukimya wa huzuni kila siku. Siku nyingine ni ule wa kungoja udongo ukauke.

Matofali mengine Rehema amempa jirani anayejenga jiko. Lile lenye alama zako nimekataa. Lipo dirishani. Kila asubuhi natia vidole vyangu vitatu katika mashimo yako. Vinapwaya, vyako vilikuwa vinene. Sijui ulikuwa wimbo gani. Nabonyeza tu, na kila siku nachagua mwingine.

Lala kivulini, mpenzi wangu, pole pole, bila haraka. Leo nitapika mkate, kwenye sufuria.

Ni mimi mkeo, mwenye mikono ya udongo,
Mama Rehema