Skuta ya Mithai na Shati la Ngowa

KITUO CHA POLISI CHA MKWAJUNI, MALINDI
MAELEZO YA SHAHIDI
Jumatano, tarehe 19 Novemba 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi

Jina: Daksha Vrajlal Thanki
Umri: Miaka 54
Kazi: Mwenye duka la mithai
Makazi: Malindi mjini, ghorofani juu ya duka

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni mwenyewe, sikuitwa. Nimezaliwa hapa hapa Malindi na Kiswahili nimekikuta nyumbani, kwa hiyo sihitaji mkalimani. Namwomba afande aandike ninavyosema, asinilainishie maneno.

Mimi ni mjane. Nina mtoto mmoja, Yash, mwenye umri wa miaka 23, aliyemaliza chuo Mombasa mwaka huu na bado hajapata kazi. Dukani nina mfanyakazi aitwaye Ngowa, Mgiriama mzaliwa wa Vitengeni, anayepelekea wateja mithai kwa skuta tangu Yash hajaanza shule. Ni skuta ndogo nyekundu yenye sanduku la bati nyuma. Haikutengenezwa kukimbia, na Ngowa akiipanda hata kuku hawaondoki njiani. Sasa Ngowa amelazwa hospitali, kichwa kimeshonwa na mkono umefungwa pingu kitandani. Anaambiwa aliendesha akiwa amelewa, akamvunja mguu Janet, fundi wa cherehani. Huo ni uongo, na uongo huo umepikwa na watu wa nyumbani kwangu.

Mnamo Alhamisi tarehe 13 Novemba, alfajiri, niliingia jikoni kukaanga jalebi. Karai langu halikuwepo mahali pake. Nililikuta uani nyuma ya duka limejaa petroli, na ndani yake vipande vya chuma vimelowekwa kama dengu. Juu ya jiwe ninalokatia barfi palikuwa na unga mweusi wa chuma kilichosagwa. Nataka afande aelewe kwamba jikoni mwangu haliingii hata yai. Watu hununua kwangu chakula cha kupeleka mbele ya miungu yao. Nilisimama pale nikatema mate mara kadhaa, maana nilihisi mafuta yale yako kooni mwangu.

Yash alikuwa amechuchumaa kando ya skuta aliyokwisha kuibambua, simu ameiegemeza kwenye ndoo yamwonyesha video. Nilimuuliza, "Wafanya nini?" Akasema, "Naiongeza mbio kidogo tu, Mama. Skuta hii yatuaibisha mjini." Kisha akanieleza kila kitu kwa raha, kama mtu anayesifu upishi wake. Alikuwa amechonga silinda. Alikuwa ametia kabureta ya pikipiki kubwa. Vile vigololi vizito vinavyotuliza mwendo alikuwa amevitoa akaweka vyepesi, na eksozi alikuwa ameitoboa ili ipumue. Nilimuuliza, "Na breki je?" Akasema breki hazihusiki na mbio.

Nilimwambia arudishe kila kitu kilivyokuwa. Karai nililitupa. Siku hizo Ngowa alipeleka mizigo kwa tuktuk.

Yash hakurudisha kitu. Jumapili tarehe 16 asubuhi aliitoa skuta ile akaenda kushindana na rafiki zake kwenye barabara iliyonyooka upande wa mashamba ya chumvi. Video ya mashindano ilifika kwenye simu yangu kabla yeye hajafika nyumbani. Nilimwona mwanangu amelala kifudifudi juu ya skuta ya mithai, tumbo kwenye kiti, miguu yaning'inia nyuma, na wenzake wanashangilia. Sauti ya skuta ilikuwa ya bati linalochanwa. Aliporudi nilimwambia mbele ya Ngowa kwamba hakuna atakayeipanda mpaka irudi kama zamani. Ngowa alicheka tu. Alisema, "Mwache, Mama Yash. Ujana huo, utapita." Ngowa ndiye aliyemfundisha kupanda baiskeli, na hajawahi kumsemea mbaya.

Jumatatu tarehe 17 jioni Yash aliniita uani, akaiwasha. Ilinguruma taratibu kama siku zote. Akasema, "Umesikia? Nimerudisha." Nilisikia, nikaamini. Jana ameniambia kwa kinywa chake kwamba alichorudisha ni sauti peke yake. Alichukua waya wangu wa kusugulia masufuria akausokomeza ndani ya eksozi ili nisisikie, na mengine yote akayaacha. Sababu yake ni kwamba Jumapili ijayo kuna mashindano tena na hakutaka kuhangaika kufungua na kufunga. Nilimuuliza kama alijua skuta ina hatari. Akasema waya wa mafuta hunasa mara moja moja, mtu akiachia mkono inaendelea kwenda, lakini yeye akiipiga teke hapo ubavuni huachia. Hayo aliyajua tangu Jumapili. Hakumwambia Ngowa.

Mnamo Jumanne tarehe 18, yapata saa tatu na nusu asubuhi, Ngowa alipakia trei mbili za ladu za nyumba ya posa, akafunga sanduku, akaniaga, "Haya, naja sasa hivi." Alikuwa mzima, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mkewe Kabibi. Nilimkabidhi trei mkononi, uso kwa uso. Hakunuka kitu ila sabuni.

Ajali yenyewe sikuiona. Leo asubuhi Janet amenieleza wodini na amesema yuko tayari kuandikisha. Alikuwa barazani kwake anashona. Ngowa alitokea kwenye kona mbio, amekaza breki zote mbili, miguu yaburura chini, ndara zimemtoka, anapiga kelele, "Nipisheni! Yakataa hii! Yakataa!" Janet amesema, "Mzee alipigana nayo, Mama. Lile dude lazidi kwenda tu." Skuta ilipanda baraza, cherehani ikamwangukia Janet mguuni, na Ngowa akarushwa akapiga kichwa kwenye nguzo.

Nilipigiwa simu nikachukua tuktuk. Shemeji yangu Anantrai, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alikuwa amefika kabla yangu kwa gari lake pamoja na Yash. Anantrai ni mkazi wa Nairobi na amekuwa mgeni wangu kwa wiki mbili. Watu wengi walikuwa upande wa baraza wakimpakia Janet kwenye gari. Ngowa alikuwa kando ya nguzo, chali, hana fahamu. Yash alikuwa amesimama ameipa barabara mgongo, amewakinga wasionekane. Anantrai alikuwa amepiga magoti na chupa ya soda mkononi, anammwagia Ngowa kifuani. Nilidhani ni maji. Hata nilijiambia moyoni kumbe naye ana huruma.

Nilipokaribia, harufu ikanifikia. Ulikuwa mnazi, ile pombe ya kugemwa, tena mkali, wa jana yake. Alimmwagia kwenye kola, akammwagia mdomoni, kisha akatoa leso akausambaza kifuani ili shati lilowe sawasawa. Alipomaliza akafunga kifuniko, akatia chupa kwenye mfuko wa koti.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo Anantrai hakulijua kwa sababu si wa huku. Ngowa alipokuwa kijana kwao Vitengeni aliugua, tumbo likawa halishiki kitu. Watu wa kwao wakatambua kwamba ana pepo wa Kiislamu asiyetaka mnazi. Akasilimu, akapona. Tangu hapo mnazi hanywi, na hata harufu yake hawezi kuivumilia. Mimi ni Mhindu na mambo ya pepo si yangu kuyaapia. Ninachoapia ni nilichokiona. Mwaka mmoja abiria wa tuktuk alimwagikiwa na dumu la mnazi mbele ya duka letu, Ngowa akatapika mpaka tukamlaza kwenye magunia ya sukari. Yash alikuwa mtoto wa shule, na yeye ndiye aliyemshikia beseni. Kwa hiyo Yash alijua.

Ngowa alianza kutapika vile vile alivyolala, bila fahamu. Alikuwa anapaliwa. Yash alitazama kando, kwenye simu yake. Nilipiga magoti nikamgeuza Ngowa ubavu, nikamsafisha mdomo kwa vidole vyangu mpaka akapumua. Yale matapishi yalilowesha sari yangu yote na sikuyaonea kinyaa hata kidogo. Kinyaa changu kilikuwa kimesimama pale pembeni na simu mkononi.

Askari walifika. Waliinama, wakanusa, wakatazamana. Anantrai akawaambia, "Afande, mzee huyu tumemvumilia sana na ulevi wake." Nilifungua kinywa kusema. Anantrai akanishika kiwiko akaniambia kwa Kigujarati nimfikirie mwanangu. Gari la wagonjwa lilikuwa tayari laondoka, nami nikapanda na Ngowa.

Nilirudi nyumbani saa kumi na mbili jioni. Nilimkuta Anantrai mezani na Yash, wanakula. Nilimuuliza Anantrai alipata wapi moyo wa kufanya vile. Akasema, "Nimeokoa jina la nyumba hii. Wakiifungua skuta, Yash ataingia ndani. Wakinusa mnazi, hawaifungui. Na Mgiriama akinuka mnazi, nani atauliza?" Alisema hivyo huku anachovya chapati.

Nilimgeukia Yash, nikamuuliza mnazi ulitoka wapi. Akasema Baba Mkubwa alimtuma mangweni, wanakouza mnazi, hapo nyuma ya maduka. Alienda kwa miguu, akausubiri upimwe, akarudi nao, na wakati wote huo Ngowa anavuja damu. Nilimwambia, "Wewe wajua mnazi wamfanya nini Ngowa." Mwanangu akanijibu, "Si alikuwa amezimia, Mama? Angejuaje?" Kisha akaomba aongezewe mchuzi.

Nimefanya kazi na sukari na samli maisha yangu yote, nimeona panya ndani ya gunia na mende ndani ya sharubati, na sijawahi kuchafukwa na moyo kama nilivyochafukwa na sauti ile ya mtoto niliyemlea. Sikumwongezea mchuzi. Nilitoka nikakaa ngazini mpaka wakalala.

Leo tarehe 19, saa moja asubuhi, nilikwenda wodini. Ngowa amepata fahamu lakini haelewi pingu ni za nini. Alinisalimu, kisha akaniuliza kama ladu zilifika. Mkewe Kabibi alikuwa chini kando ya kitanda na shati kwenye mfuko wa plastiki, na hakutaka kulifua. Aliniambia, "Mama Yash, niliwaambia askari huyu hanywi. Wakacheka. Mmoja aniambia kila mke husema hivyo." Alinipa shati lile na nimelileta. Limelowa kuanzia kola mpaka tumboni, na mgongoni ni kavu. Mtu anayekunywa hanyweshi vifungo vya shati.

Naomba mambo mawili yaandikwe. Skuta iko uani kwenu hapa, ifunguliwe na mkaguzi, na eksozi ipasuliwe atazame ndani. La pili, daktari aulizwe kama damu ya Ngowa waliyoitoa jana alipofikishwa ina pombe.

Nimeulizwa kama nina ugomvi na shemeji yangu wa mali au wa duka. Sina. Nimeulizwa kama natambua kwamba kwa maneno haya mwanangu anaweza kushtakiwa. Natambua. Lakini nilimzaa mimi, Ngowa hakumzaa, na sitakubali mzee yule afungwe kwa ajili yake.

Nimesomewa niliyoyasema na nimeyakubali yote. Hakuna aliyenitisha wala kuniahidi kitu. Ndiyo niliyo nayo, na mahakamani nitayarudia.

Sahihi: D. V. Thanki

Maoni ya afisa: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Gerishom Njenga, kwa Kiswahili, nikamsomea shahidi naye akatia sahihi saa sita kasoro dakika tano. Nimepokea shati moja jeupe ndani ya mfuko. Shahidi alikataa kuondoka kabla sijampigia simu askari aliye wodini, na kwa idhini ya mkuu wa kituo pingu za Ngowa zimefunguliwa. Wakati huo mwanawe Yash alikuwa amefika langoni na gari, akisema amekuja kumchukua mama arudi nyumbani kula. Shahidi alitoka, akamshika mkono, akamleta hadi mezani kwangu, akamvutia kiti. Alimwambia, "Keti. Mwambie afande yote, mimi nipo hapa hapa." Kijana analia. Naanza kuandika maelezo yake.