Usimtumie Hanpen Samaki Tena

Mdogo wangu Sumie,

Salamu nyingi kutoka Kofu, ambako joto la mwaka huu limetuganda mwilini kama nguo iliyolowa. Natumaini goti lako limetulia, na kwamba siku hizi unamwachia Yasunari abebe masanduku ya samaki badala ya kumwonyesha kuwa mama yake bado ana nguvu. Wajukuu wazima? Mimi nipo. Sisemi sijambo, maana umri wa kudanganyana umenipita, na barua hii naiandika kidogo kidogo, nikilala kila nikimaliza aya. Moyo umechoka. Daktari wangu huzunguka kwa maneno laini, lakini nimemwelewa: majani ya mizabibu yakianza kupukutika, huenda nisiwepo kuyaona.

Hilo halinisumbui sana. Kinachonikera kutwa kucha ni paka.

Unamjua Hanpen kwa picha tu: dume la kijivu, rangi ileile ya keki za samaki za huko kwenu Yaizu, ndiyo maana nikampa jina lao. Figo zake zinakufa. Kuna chakula kimoja tu kinachoweza kumwongezea miaka, na yeye hakitaki. Nataka awe amekizoea kabla sijaondoka, kwa sababu atakayemchukua baada yangu hatakuwa na subira ya kubembelezana na bakuli.

Mimi niliyefundisha kemia mpaka kichwa kikajaa mvi nilidhani kuchagua chakula cha paka ni jambo dogo. Njoo unione dukani, nimeegemea mkongojo, kioo cha kukuzia maandishi mkononi, nasoma migongo ya mifuko kama anayesahihisha mitihani. Na wengi wamefeli, Sumie! Mbele kuna picha ya samaki mnene anaruka juu ya mawimbi. Geuza nyuma: mahindi, unga wa ngano, kisha rangi. Rangi ya nini? Paka hajali kama chakula ni chekundu au cheusi. Rangi imewekwa kumdanganya anayelipa.

Aliyenifundisha kugeuza mifuko ni Bi Natori, yule mama anayeokota paka wa mitaani, ambaye ndiye aliyenipa Hanpen. Huyo mama hana haya. Mara ya kwanza alipokuja kukagua jinsi ninavyomtunza, alifungua kabati langu akatoa mfuko niliokuwa nikijivunia, akasema, Mwalimu, mbele ya mfuko ni porojo, soma nyuma. Kinachotajwa kwanza ndicho kilicho kingi. Na wakiandika nyama bila kusema ni ya mnyama gani, basi hata wao hawataki ujue. Kisha akauchukua mfuko wangu, akaondoka nao, eti atawapa kuku wa shemeji yake.

Basi nikanunua chakula kizuri. Baadaye, figo zilipoanza kuharibika, nikanunua kile cha wagonjwa, chenye fosforasi kidogo. Hanpen hukinusa, hunitazama, halafu huanza kuparura sakafu kuzunguka bakuli, vilevile anavyofukia mavi yake. Nakipasha moto kidogo. Anafukia. Nakisaga. Anafukia. Jana nilimwambia kwa hasira kwamba nchi hii iliwahi kuwa na njaa na mimi nilikula vikonyo vya viazi vitamu, naye akapiga miayo.

Sasa nikueleze kwa nini amekuwa hivi.

Majira ya kuchipua nilimpeleka kwa Daktari Hosaka, daktari wa wanyama, binti ambaye baba yake alikuwa mwanafunzi wangu. Alimpima damu, akaangalia majibu, kisha akaniuliza kwa upole, Babu, huyu anakula nini nyumbani? Nikataja chakula kizuri, kwa majivuno. Akasema chakula hicho hakina tatizo, lakini damu inasema mengine. Anakula nini tena? Nikakazia macho mkongojo wangu kama mtoto aliyevunja chupa ya maabara. Mwishowe nikasema, samaki mkavu, kidogo. Kidogo kiasi gani, Babu? Nikasema, kila siku, asubuhi na jioni. Akaweka kalamu chini. Akaniambia samaki yule ana chumvi na fosforasi ambavyo figo mbovu haziwezi kuvichuja, na kwamba mimi, katika watu wote wa Kofu, sikuhitaji kuelezwa fosforasi ni nini. Alisema kweli. Niliwahi kuiandika ubaoni kwa vizazi viwili.

Samaki huyo, mdogo wangu, ni wako.

Nilipokuandikia kwamba nimepata paka, ulinitumia kifurushi cha samaki mkavu anayetengenezwa na nyumba ya marehemu mumeo, aliyeparwa mwembamba kama karatasi, ukaandika nimnyunyizie Hanpen juu ya wali kama mama alivyokuwa akiwafanyia paka wa kwetu. Kwa kuwa hakuna mtu aliyelelewa na mama yule anayeweza kupokea zawadi akakaa kimya, nikakutumia zabibu. Ukaziona zabibu, ukaona kifurushi chako kilikuwa kidogo, ukatuma kikubwa zaidi. Nikatuma mapichi. Ukatuma sanduku. Jirani yangu Mzee Mukaiyama aliniuliza kama nafungua duka. Kila nilipokushukuru ili yaishe, ndivyo ulivyoongeza. Wewe na mimi tumeshindana kwa adabu, na aliyeumia ni paka.

Lakini nisikusingizie. Wewe ulituma kwa upendo, na ulituma kwa sababu ya niliyokuandikia. Nilikuandikia kwamba Daktari Hosaka ameyasifu manyoya yake na kusema samaki wenu ndiye dawa. Hakusema hivyo. Alisema, Babu, acha leo hii. Nikarudi nyumbani, nikaketi mezani, nikakuandikia shukrani. Ningewezaje kumwambia mjane kwamba samaki wa nyumba yake ni sumu? Kutupa nisingeweza. Kumgawia jirani niliona ni kukutukana. Tena kuna jambo la aibu zaidi. Kila nilipogusa kifuniko cha kopo la huyo samaki, Hanpen alikuja mbio kutoka popote alipokuwa. Tangu mke wangu Kinuko afariki, hakuna aliyenikimbilia katika nyumba hii. Nilipenda kukimbiliwa. Niliendelea hivyo mpaka mwezi uliopita, alipoanza kutapika, ndipo nikampa Mzee Mukaiyama kopo zima. Akaniuliza, kwa nini hukunipa mwaka jana, bahili wewe?

Hilo ni kosa moja. La pili ni kubwa kuliko hilo, nalo ndilo lililonikalisha nikaandika, maana kwenye simu wewe na mimi huishia kuulizana kama mvua imenyesha.

Bi Natori hawapi wazee paka hivi hivi. Husema waziwazi: Mwalimu, wewe utakufa, paka atabaki, nani nyuma yako? Siku ile aliponiuliza, Hanpen alikuwa tayari amelala ndani ya kofia yangu. Nikajibu, dada yangu wa Yaizu, ameshakubali. Nilijibu haraka, bila kupepesa macho. Sikuwa nimekuuliza. Mumeo alikuwa hajamaliza hata miezi miwili kaburini, nikajiambia nitakuandikia mambo yakitulia. Mambo yalitulia, mimi nikaandika habari za zabibu.

Wiki iliyopita Bi Natori alikuja akanikuta sakafuni. Sikuanguka; niliinama kuweka bakuli, nikashindwa kuinuka. Alinisimamisha, akasema huu ndio wakati, nampigia dada yako leo. Nikamsihi angoje barua yangu ikufikie. Akauliza, Mwalimu, huyo dada anajua? Nikatikisa kichwa. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba atakupigia Jumapili, naye atataka kusikia jibu kutoka kinywani mwako wewe.

Kwa hiyo nakuomba jambo gumu. Ukimchukua Hanpen, utakuwa na paka anayelia mlangoni pa ghala lililojaa samaki, nawe usimpe hata unyuzi. Nyumba yako yote inanuka kitu anachokipenda kuliko vyote. Wajukuu watamwonea huruma, na Yasunari atasema kipande kimoja hakiui. Itabidi uwe mkali kwa watu unaowapenda, kila siku, jambo ambalo kaka yako mwenye elimu yote hii hakuliweza hata kwa karatasi na kalamu. Chakula chake kipashwe moto mpaka kiwe vuguvugu kama ngozi ya kiganja, umpe kidogo kidogo, uondoke asikuone unatazama. Akifukia, usibembeleze. Atakula ukiwa umelala. Leo alikula hivyo, nusu bakuli.

Na ikiwa huwezi, Sumie, sema huwezi. Najua ulivyo. Utasoma barua hii, utalia kidogo, utasema kaka anakufa, nitamkataliaje. Nikatalie. Bi Natori ana familia moja hapa Kofu, watu wa haraka haraka lakini wanaosoma migongo ya mifuko, nao watampokea. Usimjibu ndiyo kwa sababu ya adabu. Adabu ndiyo iliyotufikisha hapa. Ukisema hapana, itakuwa ni mara ya kwanza katika uzee wetu mmoja wetu kumwambia mwenzake ukweli mapema, nami nitakwenda nikiwa nimepumua. Ukisema ndiyo, iwe ni kwa sababu unamtaka paka huyu mgomvi.

Usinitumie chochote kwa barua hii. Hata karatasi ya shukrani.

Nisalimie Yasunari, mkewe, na watoto. Mfukizie mumeo ubani kwa niaba yangu, na umwambie samaki wake alikuwa mzuri, ila hakumfaa mlaji. Chunga goti lako. Kunywa maji kwenye joto hili.

Ni mimi kaka yako,
Tadahiko