Kiatu cha Mshale

3 Machi

Binti yangu mpenzi,

Salamu nyingi, natumai u mzima. Sisi tunasukuma siku, ila moyo unamsumbua mama yako. Akifagia chumba kimoja lazima akae. Daktari anasema upasuaji usicheleweshwe.

Kwenye kifurushi utakuta kiatu cha mpira chenye sahihi ya Mshale, mfungaji mabao wa zamani wa timu yetu. Unajua mimi ndiye niliyekuwa nikimshonea viatu. Hicho cha kulia aliniachia siku aliyostaafu, akakitia sahihi kwenye meza yangu, mama yako amekishika kisicheze. Huko mjini wapo wanaokagua sahihi na kutoa cheti. Kikipata cheti kitauzika, na mama yako atatibiwa.

Sahihi ilikuwa imefifia, nikaikoleza kwa wino mweusi, taratibu, juu ya mistari ileile. Unanijua, sijawahi kumkabidhi mteja kiatu kilichopauka.

Ni mimi baba yako, Fundi

19 Machi

Shikamoo baba. Mama anaendeleaje? Mimi sijambo.

Sijui nianzie wapi. Mkaguzi alikitazama kiatu kwa lenzi, akauliza ni nani aliyeirudia sahihi. Anasema Mshale alikuwa anasaini kwa mkupuo mmoja, lakini huu mkono umesitasita kila kona, na wino mpya umeumeza wa zamani. Hakukuita mwongo, baba. Anasema huenda ni ya kweli ila haithibitishiki tena, na ada ya cheti itakuwa pesa ya kutupa.

Nitajaribu kwa mwingine. Mama usimwambie.

Mwanao, Kitindamimba

27 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mama yako sasa analala ameketi, akijinyoosha pumzi inakata. Kila asubuhi anauliza kama kiatu kimepata mtu.

Mwambie huyo mwingine kwamba mama yako ni shahidi, aliona kwa macho yake. Mimi nilidhani nakitengeneza.

Baba yako

8 Aprili

Shikamoo baba. Natumai barua hii itawakuta salama.

Wa pili kasema yaleyale. Ushahidi wa mke wa mwenye kiatu, anasema, hauna uzito. Nimeomba mkopo kazini, wamenikatalia. Nimebisha kila mlango ninaoujua, baba, na nimechoka.

Kiatu nikirudishe? Mpe mama mkono wangu.

Mwanao, Kitindamimba

2 Mei

Binti yangu,

Pole ya safari, na ahsante kwa kuja kumzika mama yako. Watu walikuwa wengi, sikupata nafasi ya kukuambia hili.

Barua yako ya mwisho alinikuta naisoma. Akauliza, nikamwambia kimeuzwa. Akataka kujua ni nani aliyenunua, nikasema ni mtu anayempenda sana Mshale. Akacheka mpaka akakohoa. "Atavaa mguu mmoja?" Kisha akaniuliza upasuaji ni lini, nikamtajia Jumatatu. Jumapili akafariki.

Hilo swali lako la kiatu sikulijibu. Usikirudishe. Nikikiona nitataka kukipaka rangi.

Baba yako