Mfugo Usiolishwa

Bulyaga, Tukuyu

Mwanangu Sauda,

Assalaam alaykum. Natumaini kile kikohozi kimekwisha na hushindi tena na nguo mbichi mwilini. Sisi huku wazima, isipokuwa mvua haijatupa hata siku moja ya kuanika. Bibi yako anakusalimu, na anauliza kama huko Pemba mnapata ndizi za kupika au mnakula samaki watupu.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningekata. Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Unanijua mimi ni mtu wa shaka. Mteja akinishukuru sana, nahesabu chenji upya. Kwa hiyo ulipokuja Idi ukatueleza kazi ya kikundi chenu, kwamba mwani unaota kwenye kamba bila mbolea, majongoo bahari wanaishi chini yake wakila uchafu wa mchangani, na maji yanazidi kuwa safi hadi samaki waliokimbia wanarudi, niliitikia tu. Moyoni nikasema mwanangu ameingizwa mjini. Hapa Rungwe mgomba unataka samadi, ng'ombe anataka majani, hata perege wa bwawani wanataka pumba. Mfugo usiolishwa ni mfugo gani?

Nikamshuku zaidi huyo Zuber, katibu wenu, maana kila ulichosema kilianza na jina lake. Kijana mpole, haombi kitu, na ufunguo wa bwawa la vifaranga vya majongoo anao yeye. Wapole wa namna hiyo nawaogopa.

Ndiyo maana Meshaki alikuja kwenu na mikungu ya ndizi. Ulidhani amekuja kutembea tu. Nilimtuma mimi. Amefuga samaki kule Kiwira tangu hujazaliwa, nikajua huyu hadanganyiki na bwawa. Nilimwambia atazame kazi yenu, na amtazame Zuber zaidi.

Aliporudi alimsifia mpaka nikaudhika. Eti Zuber alimwachia kitanda chake, akalala sebuleni. Eti mwani ni mwingi kweli na samaki wadogo wamejaa kwenye kamba. Nikamwambia nataka kasoro. Akafikiri, akasema ipo moja: vifaranga vya majongoo mnavishindisha njaa. Aliviona vimelala mchangani, havigeuki wala havitikisiki, akavionea huruma. Ijumaa mlipokwenda kuswali alimwomba Zuber ufunguo akaangalie bwawa, akamwaga humo kiroba kizima cha pumba alichotoka nacho nyumbani. Alinisimulia akicheka, kama mtu aliyetenda wema.

Siku chache baadaye ukanipigia unalia. Maji ya bwawa yamechacha yananuka, vifaranga wote wamekufa, mwenye ufunguo ni Zuber peke yake, na hasemi neno la kujitetea. Ukasema kikundi kitakaa Jumamosi kumtoa, na akitolewa na wewe unafunga mizigo unarudi.

Sauda, nilijua palepale. Sikuhitaji hata kumuuliza Meshaki tena. Pumba zilikuwa zimeoza humo ndani. Nami nikakuambia pole, rudi mwanangu. Nilikata simu nikaenda kukupigia deki chumba chako.

Nilifurahi. Ndivyo ilivyokuwa, na naona aibu kuandika hivyo. Nilitaka Zuber awe mwizi au mwongo, chochote, ili urudi. Hii nyumba jioni ni kubwa mno kwangu na bibi yako.

Kisha nikajiuliza kwa nini kijana wa watu hajitetei. Anajua alimpa nani ufunguo. Amekataa kumtaja mgeni aliyetoka kwa mama yako, asije akakuvunjia heshima wewe. Yeye amenyamaza kwa ajili yangu na hanijui. Mimi nimenyamaza kwa ajili yangu mwenyewe.

Barua hii anakuletea mjomba wako Ramadhani, mkononi, afike kabla ya Jumamosi. Isome mbele ya kikundi chote, na jina langu ulitaje. Meshaki msimlaumu. Bado anadhani aliwasaidia, na kumwambia ni kazi yangu.

Wasalimie wenzako wote. Zuber mwombe msamaha kwa niaba yangu mpaka nitakapokuja kumwomba mwenyewe. Nawe ukitaka kukaa huko, kaa.

Mimi mama yako,
Tausi