Majina Niliyoyakata

Maalim Shaame wangu,

Mungu akuenezee nuru huko uliko. Matokeo ya Kidato cha Nne yametoka. Najua ungeliuliza hilo hata kabla hujanijulia hali.

Skuli yetu bado iko mkiani. Kwenye kikao cha wilaya tumesemwa, na mimi, unanijua, nikanuna hata chai sikunywa. Lakini ninalotaka kukwambia ni jingine, limenikaa kooni tangu tulipokuzika.

Unakumbuka wazee walipokwenda dago, wakahamia visiwa vya mbali kuvua, na watoto wakafuatana nao? Madawati matupu, mwezi baada ya mwezi. Nikachukua orodha ya watahiniwa nikawakata wale watoto wote, wasije wakatuangusha. Wewe uliyenifundisha kushika chaki, sikukuuliza. Ulipoiona hukunigombeza. Ulikaa ukayaandika upya majina yote kwa mkono wako, kisha ukasema, "Hawa si watoro, mwanangu. Wamefuata riziki na wazee wao. Twende na sisi tukawafuate."

Hukuwahi kwenda. Maradhi yakakuchukua.

Basi nikaenda mimi, Maalim, mimi ninayeogopa maji. Nilitapika njia nzima na wavuvi wakanicheka. Nikasomesha kwenye kibanda cha makuti kila alasiri, samaki wakishaanikwa, watoto mikono inanuka dagaa na hesabu zinakwenda. Nilikulilia kule. Kila mtoto aliyepata jawabu, nilitamani uwepo umwone.

Maryam, binti wa Bi Mize, amefaulu kwenda Kidato cha Tano. Jina lake ndilo nililolikata la mwanzo. Jana mama yake alikuja kwangu na pweza mkavu kunishukuru, akanishika mikono yote miwili akalia. Nami nikaipokea ile shukrani kama yangu. Nimeona haya, Maalim. Pweza yumo jikoni, sijaweza kumpika.

Pumzika, mwalimu wangu. Nakuahidi dago likiondoka tena nami nimo, na kutapika kwangu. Na kesho, kabla Maryam hajavuka kwenda skuli yake mpya mjini Chake Chake, nitamwambia yeye na mama yake nani alilikata jina lake, na nani alilirudisha.

Mwanao,
Time