Kifo cha Ghorofa ya Tatu

Mwenzangu, nimekufa kwenye filamu ya watu wengine!

Si unajua ile hadithi yetu ya utotoni, kobe mwenye jumba mgongoni, mwaka huu inatengenezewa filamu mbili? Kumbe zote zinarekodiwa jengo moja. Sisi ghorofa ya pili, wao ya tatu.

Mimi ndiye mchawi wetu. Leo nimepanda nikiwa tayari nimevalia, masikio yangu matatu kichwani, nikapitiliza ghorofa yetu. Nafungua mlango, mtu ananisukuma: "Mchawi, umechelewa, ingia ufe!"

INGIA UFE. Nikaingia, nikafa.

Nilimwona kobe si yule wetu, lakini unaanzaje kumuuliza kobe?

Na nilikufa vizuri! Mwongozaji alilia. Mara anaingia mchawi mwingine, masikio matatu vilevile, kikombe cha chai mkononi. Ananiangalia pale chini: "Dada, anayekufa hapo ni mimi."

Mwongozaji akamwambia, "Wewe utaishi. Kufa ameshakufa huyu."

Nikashuka mbio kwetu. Nakuta wameshamvalisha masikio mama wa usafi, na mwongozaji wetu hakutaka hata maelezo.

Kwa hiyo juu nimekufa, chini nimefukuzwa. Nimekaa hapa kwenye ngazi na masikio yangu yote matatu. Njoo unichukue.